Mwasho wa Jenerali

Kengele ya mbwa wa baba yangu niliikuta shingoni mwa mbuzi wa Kornel.

Mtu mwingine angefukia vyote, mbwa na kengele yake, akakung'uta udongo mikononi na kwenda zake kunywa pombe ya mbege. Lakini Kornel, jirani yetu, ni Mchagga wa Kibosho kama mimi, na sisi watu wa huku tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuzika kitu kizima. Kengele ilikuwa ya shaba, nzito, yenye sauti ya kutulia. Mbwa akamwacha aoze chini ya migomba yake. Kengele akaisugua kwa majivu akamvika mbuzi, na ndivyo alivyojitangaza kwa mdomo wake mwenyewe bila kufungua mdomo.

Lakini nianze mwanzo, maana hasira haijui mpangilio.

Baba yangu, Mzee Filbert, haoni. Presha ya macho ilimaliza jicho la kulia, ikahamia la kushoto, sisi wanawe tukidhani anahitaji miwani tu. Ujanani alikuwa tarishi wa chama cha ushirika cha kahawa, anapeleka barua kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na alipopata mbwa wa kumtangulia njiani alimpa cheo chake cha zamani. Tarishi hakufundishwa na mtu. Alitembea mbele kidogo, kengele ikilia, na baba akamfuata na fimbo yake: wanavuka daraja la mbao juu ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya kumwagilia, wanapita pembeni mwa kihamba cha Kornel, shamba lake la migomba, mpaka parokiani kwenye misa ya asubuhi. Kengele ikinyamaza, baba anasimama. Ikilia, anaenda. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia amejikwaa.

Jioni moja Tarishi hakurudi nyumbani. Kulipokucha baba akatoka peke yake kumtafuta, anaita na kutega sikio. Monica, wifi yangu anayekaa naye, alikuwa bandani anakamua ng'ombe. Aliposikia kishindo na kukimbia, baba alishaanguka ndani ya mfongo chini ya daraja, maji yanampita kifuani, nyonga imevunjika.

Hospitali walimtia vyuma wakamrudisha. Tukamlaza kitanda cha dirishani ili apate hewa, na hapo akakaa. Mtu aliyetembea Kibosho yote kwa miguu sasa anasaidiwa hata kugeuka. Nililia, nikanyamaza, nikasema ni ajali. Ajali haina wa kumlaumu.

Sasa lililoniua ni hili. Alasiri moja Monica alinipigia simu mjini ninakofanya kazi, akilia. Baba alikuwa amesikia kengele. Alijiinua kwa viwiko akaanza kuita, Tarishi, Tarishi, njoo. Kengele inasogea, inakaribia ua, inarudi nyuma, haifiki. Baba aliita mpaka sauti ikakauka, na Monica alipokwenda kuchungulia mpakani akaona ni nini. Baba yangu alikuwa ameshinda akimwita mbuzi.

Jumamosi nikapanda Kibosho. Nilisimama kwenye ua wa masale ya mpakani nikamwona mbuzi yule mwenyewe, beberu mweupe, anatafuna majani ya mgomba na shaba yetu inang'aa shingoni. Nikarudi ndani.

"Umeiona," baba akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimeiona. Ngoja nimfuate sasa hivi."

"Kaa chini." Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu. "Usimwambie neno. Kornel nimembeba mgongoni huyo, akiwa mtoto wa kupangusa kamasi. Atakuja mwenyewe. Nitamsubiri."

"Na asipokuja?"

"Nitamsubiri."

Baba ana moyo huo. Mimi nilichukua wa mama, na mama alikuwa mtu wa kuamka na jambo lake na kulala nalo.

Hapo lazima nieleze kazi yangu. Niko kwenye maabara moja ya utafiti wa wanyama pale Moshi mjini, nyuma ya mijakaranda, mahali ambapo wapita njia wanadhani tunafuga tu. Bosi wangu ni Dokta Nisreen, Mwismailia mzaliwa wa mji huu huu, ambaye babu yake aliuza vitambaa na yeye akachagua mbwa. Tunajaribu dawa ya mbwa wanaowashwa. Kuna mbwa ambao ngozi zao huwasha maisha yao yote, wanajikuna mpaka wanatoka damu, na kosa si la kiroboto wala upele. Kosa ni protini moja ndogo ambayo seli za kinga za mbwa huitoa. Kitabuni inaitwa interlukini ya thelathini na moja. Sisi maabara tumeikatisha, tunaiita Thelathini na Moja.

"Msiiite sumu," Dokta Nisreen hutuambia kila anapoajiri mtu mpya. "Mwili wa mbwa wenyewe huitengeneza. Ni ujumbe. Seli za kinga zinaiambia mishipa ya fahamu: hapa pana shida, jikune."

Yetu hutoka nje ya nchi, imetengenezwa viwandani, unga mweupe kidogo kabisa chini ya kichupa. Unatia maji yake maalumu na kukizungusha taratibu, kama unavyozungusha mbege kwenye kata kabla ya kumpa mkwe, maana ukiitikisa inaharibika. Unaigawa kwenye vichupa vidogo na kuigandisha. Siku ya majaribio mbwa anachomwa kidogo sana, na baada ya muda anaanza kujikuna ingawa ngozi yake ni nzima kabisa. Kisha tunampa dawa tuone kama itamtuliza. Ikishindikana, kesho yake mwasho umekwisha wenyewe na mbwa anacheza.

Na kuna sheria moja pale ambayo haijaandikwa popote lakini haivunjwi: anayechoma sindano halishi. Anayelisha ni Tito, na Tito akifungua mlango mbwa wote wanamrukia. Anayechoma ni mimi. Nikifungua mlango mimi, wanasogea ukutani. "Mbwa hasahau mkono," Dokta Nisreen alisema siku ya kwanza nilipolalamika. Sikulalamika tena. Mshahara haukuwa wa kupendwa na mbwa.

Vichupa vinavyobaki baada ya majaribio hutiwa kwenye mtungi wa mvuke na kuuawa. Hiyo pia ilikuwa kazi yangu. Wiki ile niliporudi kutoka Kibosho niliua maji matupu. Thelathini na Moja yenyewe niliiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu nikaenda nayo nyumbani, nikaificha kwenye jokofu chini ya samaki.

Sikujua bado nitaitumiaje. Nilijua ni ya nani.

Kornel ana mke, ana watoto waliosoma, lakini mapenzi yake aliyaweka kwa Jenerali. Jenerali ni mbwa mkubwa wa kahawia, masikio yamesimama, aliyetolewa zawadi akiwa mdogo na Balwant, Singasinga mwenye karakana ya magari mjini ambaye Kornel alimfanyia kazi zamani. Jumapili baada ya misa Kornel hupita naye barabarani polepole ili watu wamwone. Nyumbani kwake watoto walikula kiburu cha ndizi na maharage na Jenerali akala nyama, na mkewe alishawahi kusema kwenye jumuiya kwamba akifa atazaliwa tena akiwa mbwa wa Kornel. Watu walicheka. Kornel hakukana.

Sikumfuata, jamani. Alinifuata yeye. Mimi si daktari, lakini mlimani kila mwenye sindano ni daktari, na majirani wote huniletea mifugo yao. Jumamosi iliyofuata akaniita kutoka ng'ambo ya masale.

"Dada Theopista, karibu. Wanasema kichaa cha mbwa kimeonekana huko chini Chekereni. Unaweza kunichomea Jenerali?"

"Naweza, kaka Kornel," nikasema. "Wiki ijayo nakuja na chanjo."

Nikaja na sindano mbili.

Alimshika Jenerali kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga goti udongoni, akamkumbatia shingo, akamnong'oneza asiogope, ni Daktari tu. Mbwa akaninusa viganja na kutikisa mkia. Yule beberu alikuwa hapo hapo, anazungukazunguka, na kila akiinamisha kichwa kengele inalia. Nilijaza sindano bila haraka. Nikaona nimpe mtu huyu nafasi moja, kwa ajili ya mgongo wa baba yangu uliombeba.

"Kengele ya mbuzi wako nzuri," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya kichwa cha mbwa. "Eeh. Niliinunua Mwika. Gulioni."

Toka Kibosho hadi Mwika, kuzunguka mlima, kufuata kengele ya mbuzi. Hata uongo wake ulikuwa wa mvivu.

Chanjo nilimpa, na ilikuwa chanjo halali. Kichaa ni kichaa, siwezi kumnyima mbwa kinga yake. Kisha sindano ya pili, chini ya ngozi ya bega. "Mbona mbili?" akauliza. Nikamwambia ya pili ni ya kuisaidia ya kwanza. Akanishukuru, akanipa mkungu wa ndizi mshare, nami nikaubeba hadi kwa baba nikiwa nimenyoosha shingo.

Nikakaa karibu na kitanda, nikala mtori wa Monica, nikasikiliza. Jenerali hufungwa mnyororo mchana. Kahawa yangu haijapoa, mnyororo ukaanza kulia. Kwanza kidogo, ukanyamaza. Kisha ukalia bila kukoma, tikitiki-tikitiki, kama mtu anayepepeta mahindi kwenye bati.

"Mbwa wa Kornel ana nini?" baba akauliza.

"Viroboto," nikasema.

Nilifurahi. Sitasema nilijisikia vibaya, kwa sababu sikujisikia. Ile furaha ilinishuka kooni na mtori, ya moto, na nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tangu siku ya daraja.

Mwasho huisha kesho yake, nilishasema. Kwa hiyo Kornel aliponipigia simu kusema mbwa alihangaika sana lakini amepona, nilimwambia hizo ni dalili za mwanzo, lazima apate dawa. Jumamosi nikampa dawa. Jumamosi iliyofuata nikampa nyingine. Alikuwa akiniita mwenyewe, akinisubiri barabarani kushika mkoba wangu, akinifungulia lango. Katikati ya wiki nikipata ruhusa nilipanda pia, nikisema nakuja kumwangalia mgonjwa. Na kila nilipoondoka, mnyororo ulianza.

Jenerali alijikuna nyuma ya sikio mpaka nyama ikaonekana. Manyoya ya ubavu yakatoka. Kornel alishuka mjini akarudi na sabuni na poda za kila aina, akamnyoa, akampaka majivu, akampaka shubiri. Akaacha kupita naye barabarani. Zamu yake ya maji kwenye mfongo ikampita akiwa ameketi udongoni, amemshika mbwa miguu yote minne asijichane. Nilimkuta hivyo siku moja, macho mekundu, shati limetapakaa damu ya sikio.

"Dada, nimwambie Mungu nini?" akaniuliza.

Nikatamani kumwambia: mwambie ulikoipata kengele. Nikafungua mkoba.

Siku hiyo Jenerali alinisikia nikiwa bado njiani. Nilimwona akivuta mnyororo hadi mwisho wake, amejibana nyuma ya banda, mkojo unamtoka. Kornel akaniangalia. "Anakuogopa, Daktari."

"Wanyama wote wanaogopa sindano," nikasema. "Mshike vizuri."

Aliyelivunja jambo ni mama yake Kornel, Bibi Aikande, kizee kilichokaa jikoni miezi yote hiyo kikitazama na kunyamaza. Mkewe Kornel ndiye aliyemsimulia Monica. Bibi alitoka nje na mkongojo wake, akamwinamia mbwa, akampekua manyoya kwa vidole, kisha akamgeukia mwanawe. Mbwa hana kiroboto, akasema, hana upele, hana kupe. Anajikuna nini? Kuna mtu amenung'unika mahali. Yule mzee aliyelala pale dirishani, Kornel, ulimfanya nini? Nenda kabla hajavunja chungu cha laana, maana chungu kikivunjwa hakichagui mbwa wala mtoto.

Jumapili baada ya misa Kornel akaja na isale.

Kwa asiyejua kwetu: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, ukamwendea na isale mkononi, hana ruhusa ya kukukataa. Hata kama umemuulia mwana. Atalipokea, na baada ya hapo jambo limekwisha na mwenye kulifufua ndiye mkosaji. Nimelelewa nikiambiwa hilo ni jambo zuri. Siku ile nilipomwona Kornel anaingia uani, amevaa koti la misa, isale kwa mkono mmoja na kamba ya yule beberu kwa mkono mwingine, niliona ni ujanja wa wakosaji tu. Nikasimama katikati ya mlango.

"Baba amelala."

"Sijalala," baba akasema kutoka ndani. "Mpishe."

Kornel akapiga magoti kando ya kitanda. Alisema yote. Kicheche alikuwa anammalizia kuku, akatega nyama yenye sumu kwenye migomba. Tarishi akaila. Alimkuta jioni, ameshakufa. Akaogopa, akamzika.

"Jioni?" nikauliza. "Jioni ile ile?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo asubuhi baba alipotoka kumwita, ulikuwa unamsikia."

Akainamisha kichwa. Monica alikuwa ameshika mwiko, ukamdondoka. "Nilisikia," Kornel akasema. "Nilikuwa kitandani. Nilisikia akiita, nikajifunika."

Kicheche ningemsamehe. Nyama ya sumu ningeisamehe, kila mtu hutega. Lakini mtu alikuwa na neno moja mdomoni, neno la kumwambia kipofu arudi ndani, mbwa wake hayupo tena, na akalifunika na blanketi. Niliwahi kumwuliza Dokta Nisreen, kama mzaha, ikiwa Thelathini na Moja ya mbwa inaweza kumwasha mtu. Akasema hapana, kila mnyama na yake. Pale kando ya kitanda nilisikitika kwa hilo kwa moyo wangu wote.

Baba akanyoosha mkono. Kornel akamwekea isale kiganjani. Baba akalipapasa jani lote, toka kikonyo hadi ncha.

"Nimelipokea," akasema. "Umechelewa, lakini umekuja. Mbuzi rudi naye. Kengele niachie."

Kornel akaifungua kengele shingoni mwa beberu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemwomba. "Meku, mzee wangu, mimi ndiye niliyekuondolea macho ya pili. Nakuletea Jenerali. Ni mgonjwa, lakini akipona atakutangulia njiani. Ana akili."

Akamleta jioni hiyo hiyo, na aliporudi kwake alitembea bila kugeuka. Nilimtazama mpaka akapita masale, mabega yanacheza, na nikajiambia, sasa tumelingana. Isale limenifunga mdomo, sawa, lakini banda lake liko tupu na mnyororo umelala chini. Nilishuka Moshi nikiimba. Kichupa cha mwisho nilikitia kwenye mtungi wa mvuke kama inavyotakiwa.

Na Jenerali, bila shaka, akapona. Wiki haikuisha ameacha kujikuna, manyoya yanaota. Kijiji kizima kikasema mnaona, kosa limeungamwa na mwasho umeondoka. Bibi Aikande alitembea siku hizo kama askofu. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Tito akaniuliza kulikoni.

Sikuweza kupanda Kibosho kwa muda, kazi ilibana. Monica alinipa habari kwa simu. Baba amekaa kwenye kiti. Baba amesimama na kile chuma cha kutembelea. Baba amemvisha Jenerali kengele na wamefika hadi mlangoni, mbwa mbele, baba nyuma, anasimama kengele ikinyamaza na kwenda ikilia. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikanunua nyama, nikanunua mkate, nikapanda.

Kutoka uani nilisikia kengele ndani, imetulia karibu na kiti cha baba. Nikakanyaga kizingiti. Kengele ikaruka, ikakwaruza sakafuni, ikagonga mguu wa kitanda, ikanyamaza huko chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa amegeuza uso upande wa kitanda. "Ajabu. Mbwa huyu hana woga na mtu. Hata watoto wa shule wanamvuta mkia."

"Labda amesikia harufu ya nyama," nikasema.

"Mwenye harufu ya nyama humkimbilia." Akakishika kile chuma chake. "Theopista, toka nje kidogo."

Nikatoka. Nilisimama uani na mfuko wa mkate. Baada ya muda nikasikia kengele inatoka chini ya kitanda, polepole, inarudi kwenye kiti.

"Monica, toka, kisha uingie," baba akasema. Monica akapita karibu yangu, ananiangalia haelewi, akaingia. Kengele haikutikisika. Akamtuma Monica akamwite Kornel mpakani, na Kornel akaja mbio, akaingia, na kengele ikalia ile ya mkia, ya furaha, mpaka Kornel akacheka na kupangusa macho. Baba akamshukuru, akamwambia ni hilo tu, aende.

"Sasa wewe, Theopista. Ingia."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nimesahau kitu kwenye gari. Nimefanya majaribio mengi maishani mwangu na ninajua jinsi yanavyofanywa, unabadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote. Nikaingia. Kengele ikakimbia chini ya kitanda, na safari hii mbwa akalia kwa sauti nyembamba, na nikasikia maji yakitiririka sakafuni.

Monica akasema, mae, amejikojolea, akafuata tambara. Monica alipotoka, baba akanigeukia. Mikono yake ilikuwa juu ya kile chuma, imetulia. Nilingoja aniulize. Nilikuwa na majibu mawili matatu tayari, na mojawapo lilikuwa zuri.

"Sikuulizi," akasema. "Kornel pia sikumwuliza. Nilimsubiri." Akageuza uso wake dirishani, upande ambao hauna mtu. "Na wewe nitakusubiri."

Nikaweka nyama mezani nikatoka. Nilipita migombani bila kujua ninakwenda wapi, nikajikuta kwenye masale ya mpakani, mkono wangu umeshika jani moja kwa chini, pale linapovunjika. Ni jani laini. Mtoto analivunja.

Nilikuwa na sababu zangu zote, na mpaka leo ninazo. Yeye ndiye aliyejifunika. Yeye ndiye aliyemvika mbuzi. Nimpigie magoti Kornel? Nianze na neno gani? Nikatazama ng'ambo, na yeye mwenyewe alikuwa anakuja, amenyoosha mkono, amebeba ndizi.

"Dada Theo," akasema, "nilikuwa nakuwahi usiondoke. Sijakushukuru vizuri. Ulihangaika sana na mbwa wangu, unapanda mlima mpaka katikati ya wiki, na mimi ni mtu niliyewatendea vile nyumbani kwenu. Sikujua kuna moyo wa namna hiyo."

Macho yake yalikuwa na maji. Hakuwa na habari yoyote.

Nikaliachia jani. Nikapokea ndizi kwa mikono miwili, nikasema asante, kaka.

Nyuma yangu ndani ya nyumba kengele ikalia tena, taratibu, ikitoka chini ya kitanda kwenda kwa baba. Ilikuwa imejua nimetoka.